Kabla ya Kula Kiapo: Uraia wa Nje, Ardhi ya Ukoo na Daftari la Chama Chetu

(Mada iliyotolewa na Mweka Hazina wa Chama katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee, Morogoro mjini)



Kamati imenipa dakika ishirini, na Mwenyekiti akaniomba niseme kihasibu, nisiseme kisiasa. Nitajitahidi. Mada yenyewe ni hii: mtoto wetu aliyekwenda nje, akapata ukaazi wa kudumu, na sasa anafikiria kuomba uraia wa nchi aliyomo. Anapata nini, anapoteza nini, na sisi tuliobaki tumchukulieje?

Mtauliza mweka hazina anaingiaje katika mambo ya uraia. Naingia kwa sababu ya daftari. Sehemu kubwa ya fedha zilizoezeka bweni la wasichana zimetoka kwa wanachama wanaoishi nje, na risiti zao ninazo. Lakini katika mkutano wa mwaka jana mwanachama mmoja aliuliza: mtu aliyekwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine bado ni mwenzetu, ana kura hapa? Ukumbi ukagawanyika, muda ukaisha, swali likabaki bila jibu. Leo limo kwenye ajenda. Kabla ya kupiga kura ni vizuri tujue tunapigia kura kitu gani.

Nianze na maana ya maneno, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopishana. Kuna mwenye kibali cha muda: amekwenda kusoma au kufanya kazi, na kibali chake kina tarehe ya mwisho. Kuna mkaazi wa kudumu: nchi ile imemruhusu kuishi na kufanya kazi bila kuomba upya kila mara, lakini yeye bado ni mgeni na pasipoti yake ni ya Tanzania. Halafu kuna raia wa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba uraia, akakubaliwa, akala kiapo.

Katika hatua mbili za kwanza sheria ya Tanzania haimpunguzii mtu kitu. Mkaazi wa kudumu wa Kanada ni Mtanzania sawa na mimi ninayeishi Dar es Salaam. Nalisema hili kwa sababu nimesikia huku nyumbani mtu akisemwa kwamba amebadili uraia, eti kwa kuwa ana kadi ya kijani ya Marekani. Kadi ya kijani ni ukaazi. Si uraia. Mstari unavukwa kwenye kiapo.

Sasa tuangalie anatakiwa nini mpaka afike kwenye kiapo hicho. Uingereza, mtu anatakiwa awe ameishi kule miaka 5, na miezi 12 ya mwisho kibali chake kiwe hakina kikomo cha muda. Aliyefunga ndoa na raia wao huhesabiwa miaka 3. Ndani ya ile miaka 5 asiwe nje ya nchi zaidi ya siku 450, na katika mwaka wa mwisho zisizidi 90. Kuna pia mtihani wa maswali 24 juu ya historia na maisha ya Waingereza, na ili kufaulu anatakiwa apate 18. Marekani ni miaka 5 tangu siku ya kupata kadi ya kijani, au 3 kwa aliyefunga ndoa na raia na wanaishi pamoja. Katika miaka 5 hiyo awe amekuwa ndani ya nchi kwa miezi isiyopungua 30, na safari moja ikizidi miezi 6 huenda akaambiwa amekata mfululizo wa ukaazi wake. Kanada wanahesabu siku: 1,095 ndani ya miaka 5. Siku alizoishi pale kabla ya kupata ukaazi wa kudumu huhesabiwa nusu nusu, na haziruhusiwi kuzidi 365.

Masharti hayo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo anayeomba asome ya mwaka wake. Ninalotaka mlione ni kwamba hili ni daftari la siku. Mama akilazwa, binti akaja kumuuguza miezi miwili, siku 60 zimetoka. Mjomba akifariki, siku nyingine zimetoka. Huku nyumbani tunamwona mtu anaondoka siku ya tatu baada ya maziko, kabla hata ya matanga kuanuliwa, tunanung'unika kwamba amekuwa na roho ya Kizungu. Ndugu zangu, wengine hawana roho ya Kizungu. Wanahesabu siku.

Wapo watakaosema: kwa nini ajisumbue, si abaki na ukaazi wake wa kudumu na pasipoti yake ya Tanzania? Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba neno "kudumu" halidumu kama linavyosikika. Mwenye kibali cha kukaa Uingereza bila kikomo akikaa nje ya nchi ile zaidi ya miaka 2 mfululizo, kibali hicho kwa kawaida hufa. Kanada inamtaka mkaazi wake wa kudumu awe ndani ya nchi kwa siku 730 katika kila miaka 5. Marekani nayo ikimwona mtu amekaa nje muda mrefu inaweza kusema ameitelekeza kadi yake. Maana yake ni kwamba mkaazi wa kudumu hawezi kuja Matombo akamuuguza mama yake miaka mitatu, halafu akarudi kazini kama mtu aliyeondoka jana. Mwenye pasipoti ya nchi ile anaweza.

Hapa ningependa wazee wanisikie vizuri. Wapo watoto wetu wengi wanaoomba uraia wa nje ambao hawaombi ili wasirudi. Wanaomba ili waweze kurudi: waje wakae, wauguze, wajenge, wazike, bila kuogopa kwamba nyuma yao mlango unafungwa. Nimezungumza na kadhaa, na hilo ndilo nililolisikia mara nyingi kuliko mengine. Wapo pia wanaofuata kazi za serikali za kule zinazotaka raia, na wapo waliochoka tu kuishi kwa vibali. Sababu ni nyingi, lakini tusimpe kila mmoja sababu ya usaliti.

Ugumu unaanza hapo. Hatua ile ile inayomfungulia mlango wa kule inamfungia wa huku. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inasema Mtanzania aliyefikisha miaka 18 akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, anakoma kuwa raia wa Tanzania. Hakuna barua itakayomfikia wala ofisa atakayekuja kumpigia hodi. Inatokea yenyewe. Wako wanaojifariji kwamba pasipoti ya Tanzania bado wanayo na tarehe yake haijaisha. Ndugu yangu, kabatini una pasipoti mbili, lakini uraia unao mmoja. Kuendelea kusafiri na ile ya zamani ni kujitafutia kesi.

Wenzetu Wakenya waliruhusu uraia pacha katika Katiba yao ya mwaka 2010, na Uganda nayo inaruhusu. Sisi hatujafika huko, na sikuja kubishana kama tufike au tusifike. Lakini tuwe wa kweli. Kile ambacho tunaona nchi nyingine zinawafanyia watoto wetu, Tanzania nayo inawafanyia watoto wa wengine. Mgeni anayetaka kuwa raia hapa anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Anatakiwa ajue Kiswahili au Kiingereza na awe na mwenendo mwema, na uraia wake wa zamani auache. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu miaka zaidi ya thelathini kabla ya kufunguliwa mlango wa kuomba. Mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti, watu zaidi ya 160,000, na ule wa Burundi wakaukana. Wengi wao walizaliwa hapa na kwao hawakujui. Hakuna aliyewaambia ni wasaliti wa babu zao. Tuliwaambia karibuni.

Na tuna mfano wa karibu zaidi kwa damu. Ndugu zetu Wazigua walichukuliwa katika karne ya 19 wakapelekwa utumwani Somalia, wakakaa bonde la mto Juba kwa vizazi. Vita ya Somalia ya miaka ya 1990 ilipowafukuza, baadhi yao walikimbilia huku, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wakafunguliwa njia ya kupata uraia wa Tanzania. Walifika wakiwa bado wanazungumza Kizigua, na wenyeji waliwaelewa. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini hawakuwa na karatasi yoyote ya nchi hii, na ukoo ulikuwa bado haujawafuta.

Hapa Morogoro hili tungelijua kuliko wengine. Mwaka 1977 Serikali iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi ya Mazimbu, wakajenga shule, zahanati, mashamba na nyumba. Miaka kumi na tano waliishi nasi, wakaoa na kuzaa hapa, na wengine wamezikwa palepale. Mwaka 1992 walikabidhi majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Hawakuwa raia wetu, lakini nani wa Morogoro atasema hawakuwa watu wetu? Na wako watoto waliozaliwa na mama wa Morogoro na baba wa Soweto ambao mpaka leo wana ndugu pande zote mbili. Karatasi ni jambo moja. Udugu ni jambo lingine.

Kama udugu hauondoki, kwa nini basi ninawasumbua na sheria? Kwa sababu ya ardhi, ndugu zangu. Kwenye ardhi karatasi ina neno la mwisho.

Ninyi mnajua mila yetu. Mluguru ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, chini ya uangalizi wa wajomba. Jina la Matombo lenyewe linatukumbusha maziwa ya mama. Na mnajua jinsi watu wa milima hii walivyo na ardhi yao: mwaka 1955 wazee wetu walisimama palepale Matombo kupinga amri ya kikoloni ya kuchimba matuta, mpaka damu ikamwagika. Kwa mila hiyo, mtoto aliyezaliwa Birmingham na binti yetu ni wa ukoo kamili, na mtoto wa kijana wetu aliyezaliwa Kinole ni wa ukoo wa mkewe. Daftari la ukoo halina ukurasa wa kufuta jina la mtu aliyekula kiapo ugenini.

Daftari la Serikali linao. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo inasema ardhi ya kijiji hugawiwa raia, familia ya raia, kikundi cha raia, au chombo kilichoandikishwa ambacho wengi wa wanachama wake ni raia. Mmesikia hilo la mwisho? Linatuhusu sisi kama chama, nami nitalirudia.

Niwape mifano miwili. Majina siwatajii, na wenyewe mkiwajua mnyamaze.

Binti mmoja wa ukoo wetu ni muuguzi Uingereza. Mama yake ni mtu mzima sasa, ana shamba la mdalasini na pilipili manga mlimani, na binti ndiye aliyekuwa akitoa fedha za kulitunza. Alipotimiza masharti ya kuomba uraia hakujaza fomu kwanza. Alimpigia mjomba wake. Ukoo ukakaa. Wakakubaliana kwamba shamba liombewe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la familia iliyopo kijijini, na si kwa jina lake. Wakaandika ni nani analima, nani anapata nini, na kwamba akirudi ana mahali pa kujenga na kuzikwa. Mkutano wa kijiji ukajua, halmashauri ya kijiji ikajua. Ndipo akaomba, ndipo akala kiapo. Leo anakuja na viza kama mgeni, anailipia, na haipendi. Lakini hana ugomvi na mtu yeyote.

Wa pili alikuwa kijana wetu aliyenunua kiwanja hapa mjini kwa jina lake mwenyewe, akajenga. Alichukua uraia wa nje asimwambie mtu, si mama, si mjomba, si kaka. Tulikuja kujua msibani, pasipoti zilipotafutwa ili mwili usafirishwe. Sasa mjane anasema nyumba ni yake, ndugu wanasema marehemu hakuwa raia tena na hati ina kasoro, na kila upande una wakili. Shauri liko mahakamani mwaka wa nne. Fedha walizokwisha kulipa mawakili zingeezeka darasa. Sisemi nani ana haki, hilo ni la mahakama. Nasema kwamba jambo ambalo kikao kimoja cha jioni kingelimaliza limegawa nyumba.

Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa uraia. Wote walikula kiapo. Mmoja alifunga hesabu kabla ya kiapo, mwingine aliiacha wazi.

Kuna na la watoto. Mtoto aliyezaliwa nje, ikiwa baba au mama yake ni Mtanzania wa kuzaliwa, naye ni raia wa Tanzania kwa kurithi. Lakini mzazi awe bado ni raia siku mtoto anapozaliwa. Aliyezaliwa kabla ya kiapo na mdogo wake aliyezaliwa baada ya kiapo, tumbo moja, wanaweza kuwa raia wa nchi mbili tofauti. Na yule mwenye uraia wa pande mbili tangu utotoni, akifikia miaka 18 sheria inamtaka achague, na asipoukana ule wa nje anaupoteza wa hapa. Wazazi mlioko nje, hii tarehe iandikeni ukutani. Msingoje mtoto agundue mwenyewe akiwa uwanja wa ndege.

Nalazimika pia kutaja hadhi maalumu. Badala ya uraia pacha, Serikali ilichagua njia hii, na mwaka 2024 ilipeleka bungeni muswada wa kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi kwa ajili ya watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Shabaha yake ni kuwarahisishia kuingia, kukaa na kumiliki ardhi kwa masharti. Ni hatua njema na kila anayehusika aifuatilie, asome sheria na kanuni zake pamoja na wakili, asitegemee ujumbe wa kusambazwa kwenye simu. Lakini tusiipe uzito isiokuwa nao. Mwenye hadhi maalumu hawi raia: hapigi kura ya Rais wala ya diwani. Na hadhi hiyo inaombwa. Haiji yenyewe kama uraia unavyoondoka wenyewe.

Sasa narudi kwenye ajenda yetu. Wako wanaotaka tuseme aliyechukua uraia wa nje si mwanachama tena. Nauliza: tutazirudisha fedha zake? Tutayavua mabati? Halafu wako wanaotaka tusiulize chochote, kila mtu aendelee kama zamani. Nao nawaambia haiwezekani, kwa sababu chama hiki kina kiwanja cha bweni na kinaomba eneo la zahanati kwenye ardhi ya kijiji. Ile sheria niliyosema nitairudia inataka wengi katika chombo wawe raia. Tukiwa na daftari lisilosema nani ni raia na nani si raia, siku tutakapoulizwa hatutakuwa na jibu. Na mdai wa kwanza wa kiwanja chetu atakuwa mtu anayelijua hilo.

Kwa hiyo Kamati inawaletea mapendekezo manne.

La kwanza, uanachama ufuate asili na mchango, usifuate pasipoti. Aliyetoka katika milima hii, au mama yake katoka, ni mwanachama popote alipo.

La pili, daftari la wanachama liwe na safu ya uraia, ijazwe na mwanachama mwenyewe kwa siri ya ofisi, na kila mwaka katibu ahakikishe kwamba raia ndio wengi. Si kwa kumfukuza mtu, bali kwa kuandikisha vijana wetu wa hapa ambao hawajajiunga. Wapo wengi kuliko wa ng'ambo. Tumewaacha tu.

La tatu, wadhamini wanaoshika hati za ardhi ya chama wawe raia wa Tanzania wote, na mdhamini anayekusudia kuomba uraia wa nje ajiuzulu kabla ya kiapo, kwa heshima na kwa barua.

La nne, chama kiwe na siku moja kila mwaka ya kumwita wakili hapa mjini, bure kwa wanachama, awasaidie wanaofikiria kuomba uraia wa nje na familia zao zilizoko huku: ardhi, wosia, vyeti vya watoto. Gharama yake ni ndogo. Mwanachama anayechanga shilingi 10,000 kwa mwezi anatoa 120,000 kwa mwaka, na michango ya wanachama wachache tu wa namna hiyo inatosha kumlipia wakili nauli, chakula na posho. Linganisheni na ile kesi ya miaka minne.

Kwa ninyi mnaotusikiliza kutoka mbali nina maneno machache. Kuomba au kutoomba ni uamuzi wenu. Hakuna mtu katika ukumbi huu anayelipa kodi ya nyumba yenu wala anayewajua wakubwa wenu wa kazi. Tunachowaomba ni kwamba msituambie baada. Mpigie mama, mpigie mjomba, mwandikie katibu wa chama, kabla ya kuweka saini kwenye fomu. Orodhesha ulivyonavyo huku kwa jina lako: shamba, kiwanja, akaunti, hisa za ushirika. Kila kimoja uliza: siku nitakapokuwa si raia, hiki kitakuwa cha nani? Ukipata jibu la vyote, nenda ukale kiapo chako kwa amani. Ukikosa jibu la kimoja, ngoja kwanza. Tarehe ya kiapo inaweza kusogezwa. Shauri la mirathi likishafunguliwa halisogei upesi.

Na kwa sisi tuliobaki: tukitaka watu waseme ukweli, tuwape mahali pa kuusemea. Yule kijana alinyamaza miaka yote kwa sababu aliogopa maneno yetu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na ni kweli, lakini msemo huo tumeutumia kama fimbo kwa watu ambao hawajaiacha asili. Mtu anayetuma fedha za bati kutoka kwenye zamu ya usiku ameiacha asili gani?

Mgeni Rasmi, bweni la wasichana limeezekwa lakini halina vitanda, halina madirisha upande wa mlimani, na maji bado wanachota mtoni. Mabinti watakaolala humo ndio watakaokuwa wauguzi, wahandisi na walimu, wengine hapa, wengine mbali. Makadirio yote ya ukamilishaji yamo katika ukurasa unaofuata wa kijitabu hiki, pamoja na namba za kuchangia na jina la mtu wa kumtafuta risiti isipofika. Kila anayetoa atapewa risiti yenye jina lake. Kwenye risiti za chama hiki hatuandiki nchi ya pasipoti.

Karibuni tuchangie.